Mtoto na intaneti: mwongozo kamili wa mzazi, kuanzia kwenye simu yako mwenyewe

Watoto wengi wa kwetu hawaingii mtandaoni kwa simu yao. Wanaingia kwa simu ya mama akiwa jikoni, ya baba akiwa amelala, ya dada wa kazi, au ya bibi anayeomba asomewe meseji ya hela iliyoingia. Ndiyo maana miongozo inayoanza na "mnunulie mtoto simu yenye hiki na kile" haizisaidii sana nyumba zetu. Huu unaanza na simu iliyo mkononi mwako sasa hivi, unakwenda kwenye simu ya mtoto na programu anazopenda, kisha mazungumzo ya nyumbani, na mwisho siku ambayo mambo yameharibika. Kama kwako yameshaharibika, ruka moja kwa moja hadi hatua ya saba, mengine utayasoma baadaye.

Jambo moja niliseme mapema, maana yote yanayofuata yanaliegemea. Mtoto akiamini kwamba akisema ukweli atachapwa au atanyang'anywa simu, hatasema. Anayewarubuni watoto analijua hilo vizuri sana, na ndiyo silaha yake kubwa: "Ukimwambia mama yako, atakuua." Mipangilio ya simu inapunguza hatari, lakini haiwezi kuziba pengo hilo.

Hatua ya 1: Safisha simu yako

Fungua galari ya simu yako uitazame kwa macho ya mtoto wa miaka saba. Mtu aliye kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, ya harusi, ya kikoba na ya waliosoma pamoja atakuta humo vitu ambavyo hakuvitafuta: ajali za bodaboda zenye damu, watu wakipigwa, na zile video "za wakubwa" ambazo kwenye magrupu ya wanaume hakukosekani mtu wa kuzirusha usiku. Wewe ulizipita bila kuzifungua. Simu ilizipakua yenyewe, ikazipanga pembeni ya picha za kipaimara au za maulidi, na mtoto anayetafuta picha yake ya sikukuu anazikuta hapo hapo.

Dawa yake ni mipangilio miwili. Ndani ya WhatsApp, ingia Mipangilio, kisha sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa kiotomatiki wa picha, sauti, video na nyaraka, kwa bando na kwa Wi-Fi pia. Halafu ingia sehemu ya gumzo, uzime kipengele kinachoonyesha picha na video za WhatsApp kwenye galari ya simu. Kwenye iPhone, kipengele hicho ni kile cha kuhifadhi kwenye Picha. Kuanzia hapo haishuki picha wala video mpaka uiguse mwenyewe, na bando nalo litakaa zaidi. Vya zamani havijiondoi, vifute kwa mkono, kisha uingie kwenye pipa la taka la galari uvifute tena, kwa sababu simu nyingi huviweka humo kwa siku kadhaa na watoto wanajua pipa lilipo.

Sasa pesa. Kwenye nyumba nyingi mtoto wa darasa la tano anaijua namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money ya bibi, kwa kuwa yeye ndiye anayemsaidia kutuma. Siku rafiki yake akimwonyesha Aviator, ule mchezo wa kubeti, au mkeka wa mpira, hela zinaondoka kidogo kidogo, mia tano leo, elfu moja kesho, na bibi anadhani ni makato. Tanzania na Kenya zote haziruhusu kubeti chini ya miaka 18, lakini akaunti ikishafunguliwa kwa laini ya mtu mzima, mtambo haujui kidole kinachobonyeza ni cha nani. Badilisha namba ya siri, mfundishe bibi kuiingiza mwenyewe hata kama itamchukua muda, kisha pitia taarifa ya miamala ya mwezi uliopita.

Google Play nayo ina kufuli lake. Gusa picha yako ya wasifu juu kulia, nenda Mipangilio, Familia, kisha udhibiti wa wazazi, uweke PIN na umri wa juu wa programu na michezo. PIN hiyo isifanane na ya kufungulia simu, maana ile mtoto ameshaiona. Kufuli hili linazuia yatakayopakuliwa tu. Yaliyomo tayari yanabaki, kwa hiyo pitia orodha ya programu ufute usizozijua.

Mwisho wa hatua hii ni kitu ambacho wazazi wengi hawakijui, na ndicho ninachokipenda zaidi: kubandika programu. Kwenye Android, ingia mipangilio ya usalama, tafuta kipengele cha kubandika programu, kiwashe na ukubali kwamba simu idai PIN kabla ya kubandua. Ukitaka kumpa mtoto katuni, fungua katuni, nenda kwenye orodha ya programu zilizo wazi, gusa alama ya programu hiyo, chagua kubandika. Mtoto hawezi kutoka humo kwenda WhatsApp wala kwenye meseji zako. Kwenye iPhone kipengele kama hicho kinaitwa Guided Access, kipo kwenye sehemu ya ufikivu.

Hatua ya 2: Punguza unayoyaweka wewe

Tunaogopa wageni wa mtandaoni huku sisi wenyewe tukiwapa wageni hao ramani. Chukua picha ya kawaida ya Januari: mtoto mlangoni, sweta lenye nembo ya shule, jina limeandikwa kwenye begi kwa maka peni, na chini mama ameandika, "Hongera mwanangu kwa kuingia darasa la kwanza." Kwa picha hiyo moja mtu ana sura, jina, shule na darasa. Wiki mbili baadaye simu inaita: "Mzazi wa fulani? Mtoto ameanguka hapa shuleni, tumemkimbiza hospitali, wanataka hela ya kipimo haraka, tuma kwenye namba hii." Utapeli huu umewaliza watu Dar es Salaam na Nairobi, na unafanya kazi kwa sababu mpigaji anataja jina na darasa bila kukosea. Ukipigiwa, kata, kisha mpigie mwalimu kwa namba uliyoihifadhi mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujahitaji, ihifadhi namba ya mwalimu wa darasa na ya ofisi ya shule.

Picha za watoto zipunguze hadhira. Status ya WhatsApp inakuruhusu kuchagua wanaoiona, na ukiikagua orodha yako utashangaa humo mna fundi bomba wa mwaka juzi na mteja usiyemkumbuka. Kata nembo ya shule kabla ya kuposti. Posti mkishaondoka mahali, si mkiwa bado mpo. Picha ya mtoto akioga au akiwa hana nguo usiiweke popote, hata kwenye grupu la familia, hata kama ana miezi sita na wote mnaona inachekesha. Siku hizi akili mnemba inaweza kuichukua sura ya mtoto kutoka picha ya kawaida kabisa na kuiunganisha na mwili wa uchi, na watengenezaji wa uchafu huo huokota picha pale zilipo wazi.

Mtoto akishafika miaka tisa au kumi, muulize kabla ya kuiweka picha yake. Atakayezoea kuombwa ruhusa na mama yake ataona ajabu mtu mwingine akimlazimisha kutuma.

Hatua ya 3: Simu gani, na lini

Kama sababu ya kumpa simu ni kujua amefika wapi, kitochi kinatosha. Kiswaswadu, kabambe, mulika mwizi, kiite upendavyo: kinapiga, kinapokea, chaji inakaa siku tatu na hakina TikTok. Naona aibu ya kitochi ni ya wazazi zaidi kuliko ya watoto.

Simujanja wengi huipata kwenye likizo ndefu, baada ya mtihani wa darasa la saba au wa kidato cha nne, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtoto anatoka kwenye shule iliyokuwa inakataza simu kabisa hadi kukaa nayo kutwa nzima. Usimkabidhi kama zawadi ya kufaulu, maana zawadi haina masharti. Mkabidhi kama kifaa cha nyumba anachokitumia, na mkae pamoja siku ya kwanza muitengeneze pamoja. Laini isajiliwe kwa kufuata utaratibu chini ya mzazi, si kwa kitambulisho cha rafiki au wakala wa barabarani. Tanzania, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ikaondolewe.

Masharti yasiwe mengi, usije ukashindwa kuyasimamia. Mimi ningeshika matatu. Simu inalala sebuleni ikichajiwa, haiingii chumbani usiku, na ya baba na mama zinalala hapo hapo. Hakuna programu mpya bila kuulizana. Na la tatu linamhusu mzazi: mtoto akija kusema kuna jambo baya limemtokea humo, hachapwi na simu haichukuliwi. Hilo la tatu litamkie mbele ya baba, shangazi, na yeyote mwenye mkono mwepesi hapo nyumbani.

Hatua ya 4: Akaunti yenye umri wa kweli, na chujio

Makosa mengi huanzia dakika ya kwanza, pale simu inapouliza tarehe ya kuzaliwa na mzazi anaandika ya kwake ili mambo yaende haraka. Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat na WhatsApp zote zinataka mtumiaji awe ametimiza angalau miaka 13. Ukimfanya mtoto wa miaka 11 awe wa miaka 25, hujamsaidia tu kuingia: umemwondolea kinga zote zilizowekwa kwa ajili ya walio chini ya 18, na matangazo atakayoletewa ni ya watu wa miaka 25. Andika umri wa kweli. Programu ikimkataa, imekujibu swali lako.

Kwa simu ya Android, pakua Family Link ya Google kwenye simu yako. Ni ya bure. Itakuongoza kumfungulia mtoto akaunti ya Google chini ya yako au kuiunganisha aliyonayo, na utaikamilisha ukiwa na simu zote mbili mkononi. Ikishakaa sawa utaweza kukubali au kukataa kila programu anayotaka kupakua, kuweka muda wa kutumia kwa siku, kuweka saa ya simu kufunga usiku, na kuona simu ilipo. Anza na mawili tu, idhini ya programu na saa ya kulala. Ukibana kila kitu siku ya kwanza atatafuta simu ya rafiki yake, ambayo haina Family Link. Kwa iPhone, kazi hiyo hufanywa na Screen Time, ndani ya Mipangilio, ukiwa umemuunga mtoto kwenye Family Sharing.

Chujio ninaloona linafaa nyumba zetu kuliko yote halihitaji programu wala malipo. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu iliyoandikwa Private DNS, ndani ya mipangilio ya mtandao na muunganisho. Kama huioni, andika "DNS" kwenye kisanduku cha kutafutia juu ya Mipangilio. Chagua kuandika jina la mtoa huduma, uandike hivi, herufi ndogo zote bila nafasi:

family.cloudflare-dns.com

Hifadhi. Hiyo ni huduma ya bure ya kampuni ya Cloudflare. Kila tovuti inapoitwa, simu huuliza kwanza anuani yake iko wapi, na huduma hii hukataa kutoa anuani za tovuti za ngono na zinazojulikana kueneza virusi. Inafanya kazi kwenye bando na kwenye Wi-Fi ya jirani sawasawa. Jaribu mwenyewe kabla hujamkabidhi simu. Mipaka yake uijue: haioni kilicho ndani ya WhatsApp, Telegram au TikTok, na mtoto akiwasha VPN, programu inayopitisha intaneti kwa njia nyingine, inapitwa. Ndiyo maana idhini ya programu kwenye Family Link inakwenda nayo sambamba, ukikataa VPN umemzibia njia hiyo. Simu ya mama inayotumiwa na wadogo iwekee chujio hilo pia.

Wazazi huniuliza kuhusu programu za kupeleleza, zile zinazosoma meseji za mtoto kimyakimya. Sizipendekezi. Nyingine zenyewe ni za matapeli, na unazipa nenosiri na picha za mwanao. Hata iliyo salama, siku mtoto akiigundua, na ataigundua, hatakuambia tena chochote. Kumkagua mtoto mdogo hakuna ubaya, ila akijua: "Jumamosi tunaangalia simu pamoja."

Hatua ya 5: Programu moja moja

WhatsApp kwanza, maana ndiyo mlango wa kila mtu. Ingia Mipangilio, sehemu ya faragha. Picha ya wasifu na taarifa zionwe na aliowahifadhi tu. Kwenye magrupu, weka kwamba ni aliowahifadhi tu wanaoweza kumwongeza, vinginevyo mtu yeyote mwenye namba yake anamtupa kwenye grupu la watu mia mbili usiku wa manane. Kwenye simu zinazopigwa, washa kipengele cha kunyamazisha wapigaji wasiojulikana. Kisha sehemu ya akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN pamoja na barua pepe yako. Mara kwa mara fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta msiyoijua, kuna mtu anasoma gumzo zote, mtoe hapo hapo. Na mfundishe mtoto kwamba ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayesema "samahani mdogo wangu, imekuja kwako kwa bahati mbaya."

TikTok ikijua umri wa kweli inafanya kazi kubwa yenyewe: akaunti za miaka 13 hadi 15 huanza zikiwa za faragha, meseji binafsi haziruhusiwi mpaka 16, na kwenda mubashara ni kuanzia 18. Juu ya hapo kuna Family Pairing, ambapo akaunti yako inaunganishwa na yake kwa kuskani msimbo, na unapanga muda na anayoyaona. Itabidi nawe uwe na akaunti. Wengine mtalalamika, lakini nusu saa ya kuperuzi itakufundisha zaidi kuhusu dunia ya mwanao kuliko semina.

Instagram tangu Septemba 2024 ilianza kuwaweka vijana kwenye akaunti maalumu zilizofungwa, na walio chini ya 16 wanahitaji ruhusa ya mzazi kulegeza masharti. Inarudi palepale, umri wa kweli.

YouTube kwa watoto wadogo ina tatizo moja la nyumbani: inapendekeza kwa kufuata ulichotazama wewe. Baba akitazama video za mauaji na mijadala ya ndoa usiku, asubuhi mtoto akimaliza katuni yake ndizo zinazofuata. Zima uchezaji wa kiotomatiki, washa hali yenye vikwazo kwenye mipangilio, na kwa safari ndefu pakua katuni tano unazozijua umpe bila intaneti.

Kwenye michezo kama Free Fire, hatari haiko kwenye bunduki bali kwenye maiki. Mtoto wa miaka kumi anaongea moja kwa moja na mtu mzima asiyemjua, na mtu huyo anajua anachokitamani: daimondi, ile hela ya ndani ya mchezo. "Nitumie namba yako ya WhatsApp nikurushie daimondi mia." Zima gumzo la sauti, au acheze na aliosoma nao tu. Telegram mimi nisingempa aliye chini ya 16, kwa kuwa kutoka chaneli ya pasti pepa hadi chaneli ya ngono ni mguso mmoja.

Hatua ya 6: Mazungumzo

Wengi wetu tulilelewa kwa "usiongee na watu usiowajua." Halitoshi. Utafiti wa Disrupting Harm, ambao ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono), INTERPOL na UNICEF waliufanya Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko, ulionyesha kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto kupitia mtandao ni mtu ambaye mtoto alikuwa anamfahamu tayari, na kwamba ni watoto wachache sana wanaofika polisi au kupiga namba ya msaada. Wakisema, humwambia rafiki au ndugu. Kwa hiyo mfundishe kuitambua tabia, si sura.

Kurubuni kuna mwendo wake, na watoto wakiuelezwa wanaukumbuka vizuri. Mtu anasifia: wewe ni mzuri, una akili kuliko wenzako. Anatoa kitu kidogo: bando, vocha, daimondi. Anaomba muhamie pengine: njoo WhatsApp, huku hapana faragha. Anaweka siri: tusimwambie mtu, hawatatuelewa. Anaomba picha, kwanza ya kawaida, kisha nyingine. Halafu anatisha. Mwambie mtoto kwamba ukifika kwenye siri, hapo hapo unakuja kuniambia, hata kama umeshapokea bando lake. Hilo la bando lisisitize. Watoto wengi hunyamaza kwa sababu walikubali zawadi, wanaona nao wana hatia.

Mazungumzo yenyewe yasiwe kikao. Mkiwa mnachambua mchele au mko kwenye daladala, uliza kwa upande:

"Hivi kwenu shuleni kuna aliyewahi kutumiwa picha mbaya?"
"Mmh, kuna mmoja."
"Akafanya nini?"
"Akafuta. Aliogopa mama yake."
"Ungekuwa wewe?"

Kisha nyamaza, usimjibie. Kwa vile anaongelea "mmoja wa shuleni", anakupima. Ukipaza sauti, "Mungu wangu, nani huyo, nampigia mwalimu sasa hivi!", umefeli mtihani wake na hutajua kama huyo mmoja ni yeye mwenyewe.

Wavulana tunawasahau. Mtindo ulioenea sasa ni wa msichana mrembo anayejitokeza Instagram au Facebook, anatuma picha za uchi kwanza, anaomba za kijana, na dakika ileile anageuka: tuma elfu hamsini la sivyo naziweka kwa marafiki zako wote, orodha hii hapa. Nyuma ya picha hizo hakuna msichana, kuna tapeli. Kijana wa miaka 15 ambaye hajawahi kusikia habari hii anaweza kujidhuru usiku uleule. Mwambie baba au mjomba amsimulie kabla haijamfika, tena kwa lugha ya wazi.

Wengine wa kuhusishwa ni wale wanaobaki na watoto. Dada wa kazi, bibi, binamu wa chuo anayekuja likizo: kila mwenye simu anayoweza kumwachia mtoto aonyeshwe hatua ya kwanza. Dada usimpe karipio, mtengenezee simu yake.

Hatua ya 7: Mambo yakiharibika

Mtoto amekuambia, au umeona mwenyewe. Sentensi yako ya kwanza ndiyo itakayoamua kama utajua yaliyobaki. Sema: "Umefanya vizuri kuniambia. Hii si kosa lako. Tutalimaliza pamoja." Hasira zako zipeleke nje, uzunguke nyumba mara mbili kabla ya kurudi kwenye kiti.

Kama walikutana ana kwa ana na mtoto ameguswa au amebakwa, acha simu kwanza, nenda hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Asioge kabla, nguo alizovaa zifungwe kwenye mfuko wa karatasi. Tanzania, hospitali zenye vituo vya mkono kwa mkono zina daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja.

Kama ni vitisho au picha, fuata mpangilio huu. Usilipe. Anayelipwa mara moja hurudi kesho na bei mpya. Usifute kitu, na usimjibu mkosaji wala kumtukana. Piga picha za skrini za vitisho, jina la akaunti, anuani ya wasifu wake, namba ya simu, namba ya kupokelea hela, na saa zake. Picha za uchi za mtoto usizipige skrini, usizitume kwa ndugu, usizirushe kwenye grupu la wazazi "ili watu wajihadhari." Kuzisambaza ni kosa hata kwa mzazi mwenye nia njema: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zote zinaadhibu ponografia ya watoto. Wacha zikae kwenye simu ilipozipokea, na simu hiyo ndiyo utakayokwenda nayo. Ukishakusanya, ripoti akaunti ndani ya programu yenyewe, kisha mzuie.

Piga 116. Ni namba ya bure ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya, mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaruhusiwa kupiga. Watakusikiliza na kukuelekeza kwa afisa aliye karibu nawe. Tanzania, kituo cha polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto, si kaunta ya kawaida, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha. Kenya omba namba ya OB, ya kitabu cha matukio cha kituo, na mhusishe afisa wa watoto wa eneo lako. Ukiambiwa "mambo ya simu hayo, mmalizane nyumbani," taja sheria kwa jina na mwaka wake, kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Meseji za kitapeli za kuomba hela, kwa Tanzania, zirushe kwenda 15040.

Picha ikiwa imeshasambaa au mkosaji anatishia kuisambaza, kuna Take It Down, huduma ya bure ya NCMEC, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyonywa, takeitdown.ncmec.org. Ni kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha haiondoki kwenye simu yako: simu inatengeneza alama yake ya kidijitali, alama hiyo ndiyo inayotumwa, na mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, inaitumia kuitafuta na kuiondoa. Ndani ya gumzo za WhatsApp haifiki. Huko kazi ni ya kuwapigia mmoja mmoja walioipokea, na kuwaeleza wazazi wao kwamba kuibakiza kwenye simu ni kesi.

Shuleni, zungumza na mwalimu mmoja unayemwamini kabla ya kupeleka habari ofisini, na mkubaliane nani ajue na nani asijue. Mtoto aulizwe anataka kukaa nyumbani siku ngapi. Akiacha kula au akianza kusema hataki kuishi, asilale peke yake, na 116 wapigiwe tena usiku huohuo.

Polisi wakiichukua simu kama ushahidi, omba hati ya kuipokea yenye jina la afisa, na kabla hamjafika nyumbani pitieni dukani mumnunulie mtoto kitochi, asije akaona kwamba kusema kumemgharimu simu.